Jioni Taa Zilipogoma Kuzimika Endabash

Wakuu, ninyi mnalia umeme ukikatika. Mimi nilikosa mke kwa sababu ya taa zilizogoma kuzimika.

Sijakosea kuandika. Taa ziligoma kuzimika, wenye nyumba wakapigwa na butwaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba watu niliowapenda walikuwa wananichezea mchezo mchafu muda wote ule.

Soma taratibu, hakuna anayekukimbiza. Ni kisa changu mwenyewe, cha mwaka themanini na nane, na hadi leo sijakisahau.

Naitwa Moloimet. Kwetu ni Olbalbal, kule chini kwenye ukame, ambako ng'ombe wanatembea kutwa nzima kutafuta maji na wewe unatembea nyuma yao.

Ujanani nilipata kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa anachunguza fisi huko Ngorongoro. Watu walimwita Daktari wa Fisi. Tulimcheka sana. Mtu anaacha kwao kuzuri anakuja kuandika habari za fisi, kweli?

Lakini kambini kwake kulikuwa na sola. Miaka hiyo! Vioo viwili juu ya paa, betri chini, na sanduku la bati lenye vitaa vidogo usoni. Sanduku hilo aliliita inveta.

Kazi ya inveta ni kuchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa mjini, wa kuwashia tyubu laiti na redio za kuchomeka ukutani. Daktari alinifundisha kuifunga, kuifungua na kuitafutia ugonjwa.

"Moloimet," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "inveta ikizima, usiilaumu haraka. Uliza kwanza nani anaila."

Alipomaliza mambo yake ya fisi akarudi kwao, akaniachia mtambo wote. Mimi nikahamia Karatu, nikapata kibarua kwenye gereji moja ya magari ya watalii, ndoto yangu ikiwa ni kufungua duka langu la ufundi.

Na hapo Karatu, siku ya mnada, nikamwona Cresensia.

Alikuwa amekuja na mama yake kuuza maharage kutoka Endabash. Akazitazama katambuga zangu za tairi, akaniuliza kama nimezitoa kwenye gari la mtu. Nikajibu kwamba gari lenyewe liko njiani linanifuata. Akacheka hadi akashika gunia.

Habari yangu ikaisha hapo hapo.

Sasa, mimi Mmasai, yeye Mwiraqw. Leo watu wanaoana bila shida, lakini miaka ile lilikuwa jambo zito. Wazee wa pande zote mbili walikuwa bado wanakumbuka nani alichukua ng'ombe wa nani. Baba yangu alikataa kabisa hata kusikia. Mshenga akawa Naftali, Mwiraqw mwenzao, aliyekuwa mpishi kambini kwa Daktari na rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

"Mzee Bartolomeo hawezi kukupa binti hivi hivi," Naftali akaniambia. "Mpelekee kitu ambacho hakuna mkwe amewahi kupeleka kule."

"Kama nini?"

"Wewe una jua ndani ya boksi halafu unaniuliza mimi?"

Basi nikapeleka sola yangu yote Endabash, nyumbani kwa Mzee Bartolomeo.

Huyu mzee ngoja niwaelezee. Mpole. Sauti yake ya chini, mzee wa kanisa, shamba lake safi, ng'ombe wake wanene. Sijawahi kumsikia akimkaripia mtu. Majirani walimpenda, na yeye aliishi kwa ajili ya kupendwa na majirani.

Siku ya kufunga ilikuwa kama sherehe. Nikapanda juu ya bati, nikafunga vioo. Inveta nikaiweka sebuleni juu ya meza ya kona. Nikavuta waya wa taa sebuleni, wa taa jikoni, na mmoja wa soketi kwenda chumba cha ndani kwa ajili ya redio ya mzee.

Hapo kwenye chumba cha ndani ndipo adabu iliponiponza. Kwetu mtu anayeposa haingii wanakolala wakwe. Hata kuchungulia ni aibu. Nikapenyeza waya kwenye tundu la ukuta, Cresensia akaingia na bisibisi, mimi nikabaki nje ya pazia namwelekeza.

"Mwekundu upande wa kulia."

"Umeingia."

"Kaza."

"Nimekaza, Moloi. Usinikaripie, bado hujanioa."

Mama yake alikuwa jikoni anacheka. Nilijiona nimeshafika.

Ndani ya vitu vya Daktari kulikuwa pia na pasi ya umeme. Cresensia akaipenda inavyong'aa. Nikampa, ila nikamwonya.

"Hii usiichomeke. Pasi inakula umeme kuliko taa zote za humu ndani. Ukiichomeka tu, inveta itapiga kelele na kujizima. Mpaka uifunge, uipumzishe, uiwashe upya."

"Ikijizima inaharibika?"

"Hapana. Inajikinga tu isiungue."

"Kumbe," akasema, akaifunga kwenye kanga.

Jioni ile nusu ya kijiji ilikuja. Nikabonyeza swichi, tyubu zikapepesa, zikawaka. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikasimama katikati, kifua mbele, nikatangaza.

"Mashine hii haina mafuta ya kuisha! Itawaka mpaka mchoke wenyewe!"

Makofi! Mzee Bartolomeo naye alipiga, ila pole pole. Nilidhani ni uzee.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikukosa watu. Kila jioni walikuja na vigoda vyao. Wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Clemensi, jirani wa shamba la pili, bwana mmoja ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. Walisikiliza redio, ambayo niliivutia waya wake hapo sebuleni, walicheza bao, walikunywa uji wa mama mwenye nyumba na pombe ya mzee.

Mimi nilikuwa nakuja kila mwisho wa wiki kutoka Karatu, nakaa kwenye kiti cha heshima, naitwa fundi. Tarehe ya wazee kukaa kuzungumzia posa ikaanza kutajwa. Hata paroko aliniambia anafikiria kunipa kazi ya kufunga sola kwenye zahanati ya jirani. Mambo yalikuwa yananyooka.

Halafu siku moja Naftali akanifuata gereji.

"Mashine yako imezimika."

"Imezimikaje?"

"Watu wamekaa, redio inaimba, mara piiii! Giza. Wamepapasa ukutani kutafuta mlango."

Nikaenda mbio. Nikakuta vichwa vya betri vina ukungu wa kijani. Nikasema ndiyo hii, umeme haupiti vizuri. Nikaosha kwa maji ya moto na magadi, nikakaza, nikapaka grisi. Nikapima kwa mita, betri imejaa. Nikawasha, ikawaka mchana kutwa bila kutetereka.

"Imepona," nikamwambia mzee.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema.

Jioni yake ikazimika tena.

Wiki iliyofuata nikakaa mwenyewe niione kwa macho. Sebule imejaa, Clemensi anasimulia uongo wake, kila mtu anacheka. Mzee akakohoa kidogo.

"Cresensia, niletee ugoro wangu."

Cresensia akaingia ndani. Punde, piiii! Giza.

Nikaruka kwenye inveta. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka, kile cha kusema imezidiwa mzigo. Imezidiwa? Na nini? Taa mbili na redio? Mashine ile ilikuwa na uwezo wa kubeba mara nne yake!

"Mashine ya Mmasai imesinzia!" Clemensi akapiga kelele gizani, watu wakavunjika mbavu, wakaanza kutafuta vigoda vyao.

Cresensia akatoka na tochi, akanishikia nikiwa nimepiga magoti.

"Huko ndani kuna kitu kimechomekwa?" nikamuuliza.

"Hakuna, Moloi. Soketi ipo tupu."

Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini? Mkono wake ulikuwa juu ya bega langu.

Wakuu, nilihangaika na ile inveta nyie acheni tu. Nilipunguza taa ikabaki moja. Ikazimika. Nilipanda juu ya dari kutafuta kama panya wamekula waya zikagusana. Waya zilikuwa safi. Nilifungua sanduku lenyewe, nikapulizia vumbi, nikarudia kulehemu kila mguu niliouona una mashaka. Nikasafiri hadi Arusha kutafuta transista, na miaka ile ya uhaba kupata transista ilikuwa kazi ya kuomba na kufunga. Nikabadilisha.

Mchana nikipima, nzima kabisa. Jioni watu wakishakaa, piiii.

Jina likaharibika. Endabash nzima wakaniita Bwana Giza. Nikipita njiani mtu anafumba macho anapapasa hewa, wenzake wanacheka. Paroko akanyamaza kuhusu zahanati. Gerejini nako habari zikafika, bosi akaanza kukagua kazi yangu mara mbili.

Na siku ya posa inakaribia.

Aliyekuwa ananitetea ni mmoja tu, Mzee Bartolomeo. "Msimseme kijana," alikuwa akiwaambia kwa ile sauti yake ya chini. "Anajitahidi."

Nilikuwa natamani kumbusu mikono. 

Siku moja natoka huko na Naftali, tunatembea kurudi Karatu, nimenuna. Yeye akaanza utani wake.

"Unajua mimi nadhani inveta yako haipendi ugoro."

"Niache, Naftali."

"Kweli! Mara zote nilizokuwapo, mzee akiomba ugoro tu, inakufa. Labda inapiga chafya."

Nikacheka kwa shingo upande. Tukatembea kidogo. Halafu nikasimama katikati ya njia.

Uliza kwanza nani anaila.

Nilikuwa nimepima kila kitu katika nyumba ile isipokuwa sehemu moja ambayo adabu yangu ilinikataza kufika. Waya wa chumba cha ndani.

Sikumwambia Naftali. Nilikuwa naona aibu hata kuliwaza.

Jumamosi nilifika mapema, wenye nyumba wakiwa shambani. Pale nje chini ya upenu ndipo waya zilipogawanyika. Nikapanda juu ya kigoda, nikaukata ule unaokwenda ndani, nikafunga ncha zake kwa utepe, nikashuka. Mtu angekuwa ndani asingejua lolote, soketi iko pale pale ukutani. Nikanawa mikono, nikakaa kusubiri.

Watu wakaja. Vigoda vikapangwa. Taa zikawaka. Redio ilikuwa kwenye waya wake wa sebuleni, ikaendelea kuimba.

Nilikuwa nasali kimoyomoyo nionekane mjinga. Nilitaka izimike tu kama kawaida, nirudi kulaumu transista.

Mzee akakohoa.

"Cresensia, niletee ugoro wangu."

Cresensia akaingia ndani. Taa zikaendelea kuwaka.

Mzee akatazama juu. Akasubiri. Akakohoa tena, safari hii kwa nguvu.

"Cresensia! Ugoro!"

Taa tulii. Clemensi akaendelea na stori yake. Nilimwona mzee anafuta jasho, na hali ya hewa ya Endabash jioni mnaijua, hakuna joto la kumtoa mtu jasho.

"Cresensia, ugoro wangu jamani!"

Pazia likafunguka. Cresensia akachungulia nje, uso umemshuka, anatazama tyubu inavyowaka. Mkononi alikuwa ameshika pasi.

"Binti anataka kupiga pasi saa hizi?" Clemensi akauliza, watu wakacheka wee.

Walicheka kwa sababu hawakujua. Mle ndani waliojua pasi inaifanya nini inveta tulikuwa watu watatu tu. Mimi, yeye, na baba yake. Na aliyemfundisha yeye ni mimi.

Macho yetu yakakutana. Akarudi nyuma ya pazia.

Sijui niliagaje. Nilitembea hadi kwa ndugu yake Naftali nilikokuwa nalala, nikajilaza na viatu. Kila nilipofumba macho namwona ameshika tochi, ananimulikia nipige magoti nitafute ugonjwa ambao yeye ndiye aliyeuweka.

Asubuhi nikamkuta mzee zizini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri." Hakukwepa macho. "Kumbe wewe ni fundi kweli."

"Kwa nini, mzee?"

Akaegemea boriti. "Wewe hujui. Zamani ilikuwa koroboi. Mgeni kwangu simfukuzi, hata akikaa mpaka asubuhi. Lakini nikitia mafuta kidogo, mwanga ukianza kunywea nasema, 'Mafuta nayo siku hizi shida.' Kila mtu anaelewa, anatafuta fimbo yake. Hakuna aliyefukuzwa. Sasa wewe ukaniletea taa isiyo na mafuta, tena ukawatangazia kwamba haiishi!"

"Si ungezima swichi?"

"Mkono wangu mwenyewe? Mbele ya Clemensi? Hiyo ni sawa na kuwasukuma nje. Mke wangu alikuwa anasaga mpaka mikono inamvimba. Ghala linashuka. Cresensia analala amekaa."

"Kwa hiyo mkaona bora niitwe mjinga."

"Ikizimika yenyewe, hakuna mwenye kosa."

"Kosa ni langu! Wananiita Bwana Giza! Nimekosa kazi ya paroko!"

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonikera zaidi.

"Mwanangu, mimi ni mzee. Nikifa, hawa ndio watakaonichimbia kaburi. Clemensi huyo unayemchukia ndiye atakayebeba jeneza. Wewe utanichimbia? Na ninyi kwenu, niwie radhi, hata kuchimba kaburi mmeanza juzi, zamani wafu wenu mliwaachia fisi."

Nilitamani kumtukana. Nikashindwa. Alikuwa baba yake Cresensia.

Ndipo akanipa ofa.

"Jumapili ijayo wazee wanakaa. Simama useme mashine imekufa, haitengenezeki. Wasikie kutoka kwako, fundi mwenyewe. Watarudi makwao, mimi nitapumzika. Ukishasema, nakupa Cresensia. Chukua mkono wangu."

Akanyoosha mkono. Nikauangalia.

"Na jina langu?"

"Mtu akishaoa anapata jina jingine."

Sikuupokea papo hapo. Nilimfuata kwanza Cresensia kisimani.

Aliponiona alitua ndoo akaanza kulia. "Nilikuwa nachoka, Moloi. Unakuja siku moja, unaondoka. Mimi kila siku nachota, nasonga, naosha vyombo vya watu. Baba akasema tufanye hivyo mpaka posa ipite."

"Ulinishikia tochi."

"Najua."

"Ulinijibu soketi tupu."

"Ilikuwa tupu. Nilikuwa nishaichomoa." Akafuta machozi kwa kanga. "Sema tu Jumapili. Ni maneno. Ukisema, tunaoana, mambo yanaisha."

Jamani, nilikuwa nampenda. Ningefanya nini? Nikarudi zizini nikaushika mkono wa mzee.

Jumapili ya posa, asubuhi, ili asije mtu mwenye kidole chepesi akabonyeza swichi taa zikawaka, nikachomoa fyuzi kubwa inayokaa kati ya betri na inveta. Bila hiyo mtambo ni bati tupu. Nikaiweka kwenye kiganja cha Cresensia.

"Itunze. Tukishaoana tutairudisha."

Akaifumba. "Nitaitunza."

Baada ya misa wazee wakakaa uani. Majirani wote walikuwapo, Clemensi mbele kabisa. Naftali alikuwa amevaa koti la kuazima, amejiandaa kunisemea. Sikuwa nimempa habari za makubaliano. Mzee alitaka yabaki kati yetu.

Nikasimama. 

"Wazee wangu. Ile mashine imekufa. Nimejaribu kila njia, nimeshindwa. Haitengenezeki."

Nikasikia Naftali akinong'ona nyuma yangu, "Wewe, umerogwa?"

Watu wakaguna. Wengine walisikitika kweli. Clemensi akatikisa kichwa, "Nilisema mimi." Nikakaa, nikamtazama mzee. Sasa zamu yako.

Naftali akasimama, akajikaza, akaomba binti kwa maneno mazuri yaliyopangika. Alipokaa, kabla mzee hajafungua mdomo, Clemensi akadakia.

"Mzee, kwani utampa binti mtu aliyesimama hapa akasema ameshindwa? Taa zimemshinda, nyumba ataiweza?"

Kicheko kikazunguka ua mzima. Mzee Bartolomeo akawatazama majirani zake, mmoja mmoja. Niliuona uso wake ukibadilika. Mpaka leo sijui kama alipanga tangu mwanzo au alishindwa pale pale. Kwangu ni kitu kile kile.

"Mmemsikia kwa kinywa chake," akasema, sauti ya chini, ya upole. "Mimi nilikuwa namtetea kijana huyu. Lakini nikimpa binti, majirani zangu mtanionaje? Naomba tumwache arudi kwao."

Nikapagawa.

"Mashine ni nzima!" nikapiga kelele. "Wamekuwa wakiizima wao!"

"Si umesema sasa hivi imekufa?" Clemensi akauliza.

"Niliambiwa niseme!"

"Na nani?"

Nikamnyooshea mzee kidole. Ua wote ukaguna. Mgeni, tena Mmasai, anamnyooshea kidole Mzee Bartolomeo nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Nilijimaliza mwenyewe.

Mzee hata hakukasirika. "Iwasheni basi," akasema.

Clemensi akaingia sebuleni. Tukasikia swichi, ta. Kimya. Ta, tena. Kimya.

Nikataka kuingia, vijana wawili wakasimama mlangoni. "Nyumba hii hujaalikwa," mmoja akasema.

Nikageuka jikoni. Cresensia alikuwa amesimama hapo na sinia la vikombe. Aliliweka chini. Mkono mmoja ukaingia kwenye pindo la kanga, pale kiunoni, ukabaki hapo. Niliuona umefumba kitu.

"Cresensia," nikamwambia, "lete ile fyuzi."

Watu wote wakamgeukia. Baba yake naye akamtazama.

"Cresensia."

Akainua uso.

"Fyuzi gani, kaka?"

Kaka. Aliniita kaka.

Naftali ndiye aliyenishika mkono akanitoa pale. Nyuma walikuwa wanacheka, na mtu mmoja alikuwa anapapasa hewa amefumba macho. Nililia njia nzima, sioni aibu kuwaambia, mwanaume mzima na katambuga zangu.

Sikurudi kudai vitu vyangu. Ningedai nini? Nilishatangaza mwenyewe kwamba ni bati. Karatu nako hapakukalika, nikaenda Arusha kuanza upya nikiwa fundi redio. Cresensia aliolewa mwaka uliofuata na mtu wa huko huko.

Wapo watakaosema alikuwa binti tu, asingeweza kumuumbua baba yake mbele ya kadamnasi. Nimeshajiambia hivyo mara nyingi. Haijanisaidia. Angeweza kunyamaza, nami ningemsamehe.

Somo langu ni moja, na vijana mlishike. Usikubali kusema uongo dhidi yako mwenyewe ili kumfurahisha mtu, hata awe mpenzi, hata awe mkwe. Mtu akikusingizia, unaweza kupata wa kukutetea. Ukijisingizia mwenyewe, hakuna shahidi atakayekuja, na yule uliyemwokoa ndiye atakayekuwa wa kwanza kukushangaa.